Kos, Stanko, İstanköy: jina la silabi moja na vyote lililovibeba

Ukiketi ufukweni Bodrum, Uturuki, jua linapozama, utaona mbele yako kisiwa kirefu chenye mlima mgongoni, na giza likiingia utaziona taa za mji wake. Pale kisiwa na bara vinapokaribiana zaidi, maji ya kati hayazidi sana kilomita 4. Muulize mvuvi wa Bodrum jina la kisiwa hicho, atakwambia İstanköy. Vuka kwa boti ukamuulize mvuvi wa ng'ambo, naye atasema Kos. Ila ukimuuliza anarudi wapi jioni, s itakuwa imetoweka, atasema anarudi Ko. Ramani za kale za mabaharia wa Venice zina Stanco. Watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohane, waliokitawala hadi mwanzoni mwa karne ya 16, walikiita Lango. Waitaliano walioingia mwaka 1912 waliandika Coo. Nasi tuliosoma Matendo ya Mitume kwa Kiswahili tunakijua kwa jina la Kosi.

Kisiwa ni kimoja. Na ukiliweka kando hilo Lango, jina nalo ni moja, limevaa nguo tofauti tu. Nguo zenyewe ndizo zinazonivutia, kwa sababu hazikushonwa na wafalme wala kamati za majina. Zilishonwa na sarufi. Jina hili ni fupi mno, silabi moja tu, na silabi moja ni mzigo mgumu kushika: sikio huitafutia pa kuegemea. Kila lugha iliyolipokea iliegemeza jina hili kwenye kitu fulani, kihusishi, irabu ya nyongeza au neno jingine zima, na mara nyingi kile kiegemeo kikagandia jina kisitoke tena.

Tuanze na ile s inayoonekana na kupotea, maana Mswahili ndipo anapokwama kwanza. Sisi tumezoea jina la mahali litulie. Mombasa ni Mombasa ukienda, ukitoka, ukiisifu au ukiitukana. Kigiriki hakina utulivu huo. Jina hubadili mkia kulingana na kazi linayofanya katika sentensi. Kisiwa kikiwa ndicho kinachotenda au kinachozungumziwa, Mgiriki husema i Kos. Kitu kikiwa cha kisiwa hicho, husema tis Ko. Akikiona, akikipenda au akikiendea, husema tin Ko. Kwa hiyo s si sehemu ya mzizi. Ni alama ya kiima, kama beji ambayo mfanyakazi huivaa akiwa zamu na kuivua akitoka. Ndiyo maana mgeni anayetembea mjini huko husoma ΚΩΣ kwenye bango la kukaribisha wageni, kisha kwenye mali ya manispaa akakuta Δήμος Κω, Dimos Ko, akadhani mchoraji alisahau herufi.

Wanasarufi wa kale waliliweka jina hili katika kundi dogo la majina yenye o ndefu, ile inayoandikwa kwa omega. Wamo humo Athos, mlima mtakatifu wa kaskazini, na Keos, kisiwa kingine kilicho karibu na Athene, ambacho tutakutana nacho tena kwa sababu kimewapoteza wengi. Zaidi ya hapo, Kos ni jina la kike kisarufi. Rodos, Samos, Patmos, Naxos, vyote ni vya kike pia, ingawa maneno mengi ya Kigiriki yenye mkia wa -os ni ya kiume. Maelezo ya kawaida ni kwamba nyuma ya kila jina la kisiwa kuna neno lisilotamkwa, nisos, yaani kisiwa, nalo ni la kike. Jina linakubaliana na neno ambalo halipo.

Msomaji asishangae sana, kwani nasi tunafanya hivyo hivyo bila kujijua. Tunasema "Kenya imeshinda" na "Pemba imejaa mikarafuu", na ukitafuta hiyo i- imetoka wapi utaikuta kwenye nchi, neno ambalo hakuna aliyelitamka. Mwingine atasema "Pemba kumejaa mikarafuu", akipatanisha na mahali. Ila kidogo tumewazidi Wagiriki, kwa kuwa tumepewa hiari: Kos ina joto, Kos kuna joto, kisiwa cha Kos kina joto. Mgiriki hana hiari hiyo. Ni ya kike, basi.

Katika maandishi ya zamani jina lilivikwa alama ya mkazo juu ya omega. Ugiriki ilipopunguza alama hizo mwaka 1982, maneno mengi ya silabi moja yalivuliwa mkazo, na Kos nalo likabaki wazi, bila hata kofia.

Koonde

Maandishi ya kwanza yanayokitaja kisiwa hiki ni mashairi ya Homer. Katika kitabu cha pili cha Iliadi, kwenye orodha ndefu ya merikebu zilizokwenda Troy, Kos kinatajwa pamoja na majirani zake Nisyros, Karpathos na Kasos, nacho kinaitwa mji wa Eurypylos. Hapo jina lina silabi moja kama leo. Lakini katika kitabu cha 14, na tena katika cha 15, panaposimuliwa jinsi mungu wa kike Hera alivyoivumishia dhoruba merikebu ya shujaa Herakles na kumpeleka kombo, jina linatokea kwa umbo refu zaidi: Koonde.

Tulichambue. Koo- ni umbo la kale, kabla irabu mbili hazijabanana zikawa moja ndefu. -n ni mkia wa kitu kinachotendewa. Na -de ni kiambishi cha mwelekeo, "kuelekea huko", kinachoning'inia mwishoni mwa jina kama -ni yetu inavyoning'inia kwenye "mjini" na "shambani". Kwa hiyo mahali Homer anapomsukuma Herakles kwenda kisiwani, jina tayari limebandikwa alama ya safari. Sidai kwamba mshairi alikuwa na nia yoyote hapo. Wagiriki wa kale waliibandika -de kwenye majina mengi. Nasema tu kwamba tangu mwanzo kabisa wa maandishi, jina hili linapokwenda mahali, haliendi peke yake.

Karne chache baadaye mwanahistoria Thucydides, akieleza namna Wasparta walivyokipora kisiwa kikiwa kimetoka tu kubomolewa na tetemeko la ardhi, hasemi Kos tu. Anasema Kos ya Meropis. Plinius wa Roma, aliyefariki mwaka 79 BK, aliorodhesha majina ambayo kisiwa kilisemekana kuwa nayo: Merope, Cea, Meropis, Nymphaea. Meropis ni la jadi, lahusishwa na Wameropi, watu wa hadithi waliodaiwa kukaa huko zamani. Nymphaea, kisiwa cha mabinti wa chemchemi, ni aina ya jina ambalo washairi walipenda kukivika kisiwa chochote chenye maji na kijani. Na hilo Cea? Lafanana mno na jina la Keos, na linanusa ule mkanganyiko wa visiwa viwili.

Mkanganyiko huo una kisa chake. Aristotle aliandika kwamba mwanamke wa kwanza kufuma uzi wa viwavi, aina ya hariri, alikuwa Pamphile wa Kos. Plinius akisimulia habari ile ile anamweka Pamphile Keos. Ukitazama maumbo huwezi kumlaumu sana: yanatofautiana kwa irabu moja, yana minyumbuliko inayofanana, na hata sifa zake ni ndugu, wa huku Koos, wa kule Keios. Kitambaa chenyewe Warumi walikifahamu vyema kuwa ni cha Kos. Mshairi wao Horace anaitaja nguo ya Kos kuwa nyembamba kiasi kwamba mvaaji ni kama hakuvaa kitu.

Stin Ko

Sasa tufike kwenye kitendawili chenyewe. Kos iligeukaje İstanköy?

Kigiriki hakitaji jina la mahali likiwa uchi. Lazima litanguliwe na kibainishi, lile neno dogo la i, tis au tin tuliloliona juu. Unapokwenda mahali au ukiwa mahali, unaongeza na kihusishi eis, ambacho katika usemi wa kawaida kilikonda kikabaki s tu na kugandamana na kibainishi. Eis tin Ko ikawa stin Ko: kwenye Kos, kwenda Kos, pale Kos. Tena n ikikutana na k katika matamshi ya Kigiriki cha leo, k hulegea, na sikio husikia kitu kama "stingo", yenye ng kama ya ngoma.

Hebu mfikirie nahodha mgeni. Hajui Kigiriki zaidi ya maneno ya bandarini. Anamuuliza rubani wa chombo: mnaelekea wapi? Stin Ko. Mmetoka wapi jana, mlilala wapi? Stin Ko. Kuna maji matamu wapi? Stin Ko. Umbo lenye s, lile la kiima, nahodha atalisikia mara ngapi? Visiwa havitendi mengi katika mazungumzo ya mabaharia. Vinaendewa na kulaliwa. Basi kwenye ramani akaandika alichosikia: Stanco, Stancho, na maumbo mengine ya jamii hiyo.

Si Kos pekee iliyokutwa na jambo hili. Kisiwa cha Limnos kilikuwa Stalimene kwenye ramani za magharibi. Dia, kisiwa kidogo mbele ya Heraklion ya Krete, kilikuwa Standia. Athene yenyewe, yenye falsafa zake zote, iliandikwa Setines na watawala wa kigeni wa zama za kati. Nikaia ya Asia Ndogo ni İznik ya leo. Na mkubwa wao wote ni İstanbul, ambalo wengi wa wataalamu hulirudisha kwenye eis tin Polin, "mjini", kwa maana Wagiriki walipotaja Mji bila kuongeza neno walimaanisha Konstantinopoli tu. Mkazi wa Unguja anayesema "naenda Mjini" akimaanisha Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa zaidi.

Wakati mwingine kinachoganda si kihusishi kizima bali mkia wa kibainishi. Mlango-bahari wa Evripos ulitamkwa Egripo. N ya kibainishi ikarukia jina, na Wavenisi, ambao lugha yao ilikuwa na neno ponte, daraja, na palikuwa na daraja kweli, wakalikamilisha likawa Negroponte, Daraja Jeusi. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa kisiwa cha Ios. Nacho ni kifupi mno, irabu mbili na s ya kupotea. Tin Io ikasikika ti Nio, na wenyeji wenyewe, Wagiriki watupu, wakaanza kukiita Nios. Mgeni anaweza kusamehewa kwa kukata neno vibaya. Hapa wenye lugha ndio waliokata, na walikata kwa sababu Io tupu ilikuwa haishikiki.

Turudi kwa Waturuki, waliokichukua kisiwa mwanzoni mwa mwaka 1523 baada ya Rodos kuanguka. Waliyafanya mambo mawili juu ya stin Ko. La kwanza ni ile İ ya mbele. Kituruki hakipendi neno lianze kwa konsonanti mbili, hivyo hutanguliza irabu: stesheni kwao ni istasyon, mchicha wa Wagiriki, spanaki, ni ispanak, na Smyrna ni İzmir. Inawezekana pia kwamba İ hiyo ni mabaki ya eis ya zamani. Mlango ni mmoja, na sioni haja ya kugombana juu ya aliyeufungua. La pili ni la kufurahisha zaidi. Ile Ko ya mwisho, kisiwa chenyewe, waliisikia kama köy, yaani kijiji. Jina likawa na umbo la Kituruki safi, kijiji cha İstan, ambalo halina maana yoyote lakini lina sura ya kuwa nayo. Ajabu ni kwamba sehemu iliyokuwa jina ikageuka kuwa neno la kawaida, na sehemu iliyokuwa vihusishi ikageuka kuwa jina.

Kuna ubishi juu ya a. Kwa nini Stan- na si Stin-? Wako wanaokumbusha kwamba watu wa Kos ya kale walizungumza Kidoria, lahaja ambayo kibainishi chake kilikuwa tan, si tin. Kwa hoja hiyo eis tan Ko imesalia ndani ya İstanköy kama mfupa wa kale ndani ya jiwe. Hoja ni tamu, na hoja zilizo tamu mno mimi huzitazama mara mbili. A ile ile imo ndani ya İstanbul, na masikio ya kigeni yamebadili irabu zisizo na mkazo katika majina mengi bila msaada wa Wadoria. Naona ni mabadiliko ya kawaida ya mdomo, lakini sitamcheka anayeshika upande wa pili.

Kwetu haya si mageni. Unguja kuna mitaa inayoandikwa Kwahani na Kwamtipura, neno moja, na "kwa" ya mwanzo imeshakufa ikazikwa humo. Darajani ni "penye daraja", na daraja lenyewe halipo siku nyingi. Dar es Salaam watu hupanda daladala kwenda Kwa Aziz Ali, na hakuna anayesema Aziz Ali bila kwa. Kiswahili kimewahi hata kuuza kiambishi nje: ufalme wa Waganda kwao ni Buganda, lakini misafara iliyotoka pwani ilitamka Uganda, kwa u- yetu ya nchi, na nchi nzima ikasajiliwa duniani kwa kiambishi cha lugha ya wapagazi na wafanyabiashara.

Kosi na mikosi

Katika Matendo ya Mitume 21:1, Paulo na wenzake wanaagana na wazee wa Efeso, wanatweka tanga, wanafika Kosi, kesho yake Rodo, kisha Patara. Maneno ya Kigiriki mahali hapo ni eis tin Ko. Nakala nyingine zina eis tin Kon. Ni kirai kile kile kilichozaa Stanco na İstanköy, kimelala ndani ya kitabu ambacho Waswahili wengi wanacho nyumbani.

Watafsiri wa Biblia ya Union, iliyochapwa nzima mwaka 1952, walikuwa na desturi nzuri na majina ya visiwa. Waliondoa s ya kiima na kubakiza irabu: Rodo, Samo, Patmo, Kipro. Wangeifuata desturi hiyo hapa wangepata "tukafika Ko". Lisome kwa sauti. Sikio linangoja neno liendelee, kwa kuwa ko kwa Kiswahili ni kipande cha yuko, iko, huko, na mkazo wetu unaokaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho hauna pa kutua. Ni tatizo lile lile linalotufanya tuseme "anakula" na si "anala": shina likiwa la silabi moja, ku- haiondoki. Kwa hiyo s ikaachwa, ikaongezwa i, kama ilivyoongezwa kwenye basi na gesi. Mturuki aliweka irabu yake mbele, sisi tukaweka nyuma.

Lakini Kosi ina mtego, na sijui kama watafsiri waliuona. Mtu wa Krete tunamwita Mkrete, na Paulo katika waraka kwa Tito anawasema Wakrete bila huruma. Basi mtu wa Kosi ni nani? Mkosi. Lugha yake? Kikosi. Tabia na desturi zake? Ukosi. Yaani Hippocrates, baba wa utabibu, mtu ambaye jina lake limefungwa na kiapo cha madaktari, kwa Kiswahili fasaha anakuwa Mkosi, na herufi kubwa haisikiki mtu anapoongea. Mgonjwa gani atapenda kutibiwa na mkosi? Aliyezaliwa yapata mwaka 460 KK akakulia kwenye Kidoria cha kisiwani, angekuwa amelelewa kwa Kikosi, kama askari. Na Ukosi ni kola ya shati.

Ngeli zetu ni mashine nzuri sana ya kutengeneza majina ya watu, lugha na nchi, ila hazichagui zinachotafuna. Njia ya salama ni kuegemeza tena: mtu wa Kos, watu wa Kos, Hippocrates wa Kos, kisiwa cha Kos. Kwa maandishi ya kidunia mimi huandika Kos, nikimsoma Paulo nasoma Kosi, na sioni ugomvi kati ya hayo mawili. Wagiriki nao wamehangaika na jambo hili. Mzizi wao, Ko-, hautoshi kumtengenezea mtu jina la kila siku. Katika maandishi rasmi wana Koos, umbo la kale, lakini mitaani mtu wa Kos ni Kotis na mwanamke ni Kotissa, kwa t ya kujazia. Vitabu vya tiba vya zamani vilikuwa na sifa nyingine tena, koakos, ambayo imebaki katika jina la mkusanyiko wa maoni ya kitabibu ya shule ya kisiwa hicho.

Vinavyofanana visivyohusiana

Jina fupi lina hasara nyingine: linafanana na kila kitu. Kilatini kina neno cos, lenye maana ya kinoo, jiwe la kunolea kisu. Halina undugu na kisiwa. Waingereza wana saladi ya majani marefu wanayoiita cos, na hiyo, kwa maelezo ya kawaida, imepewa jina la kisiwa. Coo ya Waitaliano, ukiitamka Kiswahili, ni koo. Na Lango la wale watawa wapiganaji ni mlango mkubwa, hasa ukikumbuka kwamba waliijenga ngome ya Neratzia pale pale kwenye mdomo wa bandari. Angetokea mtu mwenye haraka angeandika kesho kwamba Waswahili walifika bahari ya Aegea na kuipa ngome jina. Hawakufika. Wengi hulihusisha jina la Lango na urefu wa kisiwa, nalo ni neno la Wazungu wa Kilatini waliokuwa wakikitazama kutoka baharini.

Na maana ya Kos yenyewe? Waandishi wa Kigiriki walituhifadhia maneno machache ya Wakaria, watu waliokaa ufuko wa ng'ambo, na limo moja linalofanana na jina hili, maana yake kondoo. Wengine huelekeza kwenye kaa, kwa sababu sarafu za kisiwa zilichorwa kaa kwa muda mrefu, pamoja na maandishi ΚΩΙΟΝ, "ya Kos". Mimi kaa simkubali. Mji kuchora mnyama kwenye sarafu si ushahidi kwamba ulipewa jina lake. Kondoo ana nafasi kidogo zaidi, kwa kuwa walau kuna neno la Kikaria nyuma yake, ila silabi moja inaweza kufanana na kondoo, jiwe au jirani bila gharama yoyote. Jina linaonekana kuwa la zamani kuliko Kigiriki cha Homer, na yawezekana si la Kigiriki kabisa.

Kilomita chache nje ya mji wa Kos kuna kijiji cha Platani, ambacho wenyeji wa zamani hukiita Kermetes na kwa Kituruki Germe. Wanaishi humo Waislamu wenye asili ya Kituruki. Mwaka 1923, Ugiriki na Uturuki zilipobadilishana watu wao kwa dini, visiwa hivi vilikuwa mikononi mwa Italia, kwa hiyo hawakuhamishwa. Na Ugiriki ilipokipata kisiwa baada ya vita vya pili vya dunia, iliwakuta wapo. Wanazungumza lugha zote mbili. Mmoja wao akiwa na safari ya mjini, kwa Kigiriki atasema pao stin Ko. Akimgeukia mama yake atasema İstanköy'e gidiyorum. Ile 'e ya mwisho ni "kwenda" ya Kituruki, hai na yenye nguvu zake zote, imebandikwa nyuma ya jina ambalo mbele yake tayari kuna "kwenda" ya Kigiriki iliyokufa zamani. Anasema kwenda-Kos-kwenda, na alama yake ya safari imekaa mwishoni, pale pale Homer alipoiweka -de.